MAHALI PA KULA NI SEHEMU YA BARABARA

Kiazi mbatata kinachomenywa leo katika jiko la Mwanakwerekwe au la Chake Chake aghalabu hakikuota visiwani. Kimetoka Njombe, au Makete, au katika vilima vya Mbeya. Kitunguu yamkini kimetoka Ruaha Mbuyuni, na tungule katika mashamba ya Ilula. Vyote hivyo vimepakiwa katika lori, vikateremka milima na kukata mbuga hadi Dar es Salaam, ndipo vikapanda chombo kuja kwetu. Sisi watu wa visiwani tumezoea kuulizana habari za chombo: kimefika au hakijafika, bahari imechafuka au imetulia. Ni nadra kuuliza habari za mtu aliyekileta kile kiazi hadi ufukweni, yaani dereva wa lori na utingo wake. Wamelala wapi? Wamekula nini? Na walipokuwa wakila, lori lao lilikuwa limesimama wapi?

Swali hilo la mwisho ndilo tunalotaka kulizungumza katika safu hii, kwani lina uzito kuliko linavyoonekana. Rai yetu ni kwamba mahali pa kusimama na kula ni sehemu ya barabara, kama lilivyo daraja na kama ilivyo mizani. Kwa hiyo panastahili kupangwa, kujengwa na kusimamiwa kama vitu hivyo vinavyopangwa. Maadamu jambo hili limeachwa lijiendee lenyewe, tutaendelea kulilipia kwa mali na kwa roho za watu.

Safari isiyo na nyumbani karibu

Kisiwa cha Unguja, tangu Nungwi hadi ncha ya kusini, urefu wake ni takriban kilomita 85. Pemba ni kifupi zaidi. Dereva wetu wa hapa akiona njaa hurudi kwake, au humwendea dada yake, au hununua mkate na samaki mjini na kuendelea na shughuli zake. Labda ndiyo maana kadhia hii haitugusi moyoni. Lakini kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, mpakani mwa Zambia, ni zaidi ya kilomita 900. Lori lililojaa shehena haliendi mwendo huo kwa siku moja. Lina mlima wa Kitonga wa kupanda na kushuka, baina ya Ruaha Mbuyuni na Ilula. Lina Hifadhi ya Mikumi, ambamo barabara hupita katikati ya wanyama kwa kilomita takriban 50, na humo si mahali pa kusimama na kupika chai. Lina mizani, vizuizi vya polisi, na foleni za malori yaliyotangulia.

Njia hii ina historia nzito. Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wenyewe, Zambia ilijikuta imezibiwa mlango wake wa kusini, na mafuta yake yakaanza kupitishwa Tanganyika kwa malori. Wakati huo sehemu kubwa ya njia ilikuwa vumbi jua likiwaka na tope mvua ikinyesha, na madereva waliipa kwa Kiingereza jina lenye maana ya mbio za jahanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA likakamilika mwaka 1968. Lami ikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Na reli ya TAZARA ikajengwa baina ya 1970 na 1975. Katika kazi hizo zote, wahandisi walipima madaraja, makalvati na miteremko. Pahala pa mtu kula hawakupapima. Watu wenyewe ndio waliopaanzisha, penye njia panda kama Chalinze na Makambako, penye daraja, au chini ya mlima ambapo breki zilihitaji kupoa. Mama mmoja aliweka chungu, wa pili akafuata, na baada ya miaka michache pakawa mji.

Dereva anatafuta nini

Wahenga walisema kwamba msafiri ni maskini ajapokuwa sultani. Umaskini wa dereva wa lori, hata akiwa na fedha mfukoni, ni kwamba hawezi kusimama anapopenda. Mwenye gari dogo akisikia harufu ya nyama choma hukata kona akaingia. Lori lenye tela, kwa kipimo cha sheria za Afrika Mashariki, huweza kufikia urefu wa mita 22, na uzito wake pamoja na mzigo huweza kufikia tani 56. Kitu cha namna hiyo hakigeuzwi katika ua wa mtu. Wala hakiegeshwi juu ya udongo uliolainishwa na masika, kwani kitadidimia, na kukitoa kutagharimu siku nzima.

Kwa hiyo la kwanza analolitafuta dereva ni ardhi ngumu na pana, anayoweza kuiingia na kuitoka kwa mbele bila ya kurudi kinyumenyume barabarani. Chungu chaja baadaye. La pili ni usalama. Mafuta hunyonywa tangini, turubali huchanwa, betri hung'olewa, na tairi la akiba hupotea mwenyewe angali ananawa mikono. Ndiyo sababu mara nyingi utamwona dereva akila peke yake huku utingo amekaa juu ya mzigo, kisha wakapokezana. Na huyo anayekula kiti chake amekielekeza upande wa lori, wala si upande wa meza. La tatu ni maji na choo. La nne, baada ya hayo yote kutimia, ndicho chakula chenyewe.

Hapo tena zipo alama ambazo madereva wakongwe huwafundisha vijana wao. Penye malori mengi saa ya chakula, hapo pana heri. Si kwa sababu mpishi ni hodari kuliko wenzake wote, bali kwa sababu chakula chake hakipati nafasi ya kulala. Wali uliopikwa asubuhi ukakaa sufuriani hadi alasiri bila ya moto ni hatari hata ukiwa na sura nzuri. Shirika la Afya Duniani hufundisha kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na kwamba kikingojea mlaji kiwekwe katika moto unaozidi nyuzi 60. Dereva hana kipimajoto, lakini ana macho: hutafuta mvuke. Hutazama kama pana maji ya kunawa yanayotiririka na sabuni, au ni beseni moja walilonawia watu ishirini. Kachumbari iliyokatwa zamani huiacha. Tunda hulichagua lile atakalolimenya mwenyewe, kama vile ndizi au chungwa. Na kama anamfahamu mama ntilie wa mahali hapo, humwuliza bila ya haya, “Mama, kipi umekiepua sasa hivi?” Naye mama mwaminifu humjibu, “Ngoja maharage yachemke tena, mwanangu, usile haya.”

Pana na hekima ya kiasi. Usingizi humshinda binadamu nguvu hasa baina ya saa nane za usiku na saa kumi na mbili za asubuhi, na tena mchana baina ya saa nane na saa kumi. Mtu aliyeshindilia bonge la ugali saa saba na kurudi usukani papo hapo amejialika usingizi mwenyewe. Dereva mwerevu hula kidogo mchana, na mlo mkubwa huuweka pale atakapolala. Lakini hekima hiyo yataka mahali pa kulala. Asipopapata, hula anapopata, kisha huendesha akisinzia.

Wala tusiwasahau wale wanaofunga Ramadhani njiani. Msafiri ameruhusiwa kula, nasi sote twalijua hilo; lakini wako wengi wanaopenda kufunga hata safarini. Mtu kama huyo, magharibi ikimkuta njiani, ahitaji maji safi, kitu cha kufuturia, na nafasi ndogo ya kutandika mkeka akasali. Haya si mambo ya anasa.

Kwa nini pabovu hubaki pabovu

Ni desturi ya baadhi ya wakubwa, wapitapo katika vituo hivi kwa magari yenye vioo vilivyofungwa, kuwalaumu mama ntilie kwa uchafu. Sisi tunaona lawama hiyo imeelekezwa pasipo pake. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imetenga hifadhi ya mita 30 kila upande, kutoka katikati ya barabara kuu. Hifadhi hiyo ina maana njema, kwani barabara itahitaji kupanuliwa siku moja. Lakini mama ntilie, ili apate wateja, hana budi kuweka banda lake ndani ya mita hizo 30, kwa sababu ndipo malori yanaposimama. Akiwa humo, yeye ni mvamizi. Leo yupo, kesho banda limevunjwa.

Sasa na tufanye hesabu yake. Je, mtu anayejua kwamba mwakani atabomolewa atachimba choo? Atavuta bomba la maji? Atasakafu? Benki itamkopesha kwa dhamana ya banda la makuti na mabati manne? Hapana. Atanunua sufuria, kwani sufuria huhamishika. Uchafu tunaouona umezaliwa na hali ya kutokuwa na hakika, wala haukuzaliwa na uvivu wa wale akina mama. Na kwa kuwa choo hakuna, watu huenda vichakani. Na kwa kuwa vichaka vi karibu na kisima, kipindupindu kikiingia wilayani hupata njia iliyokwisha kutengenezwa.

Upande mwingine viko vituo vya mafuta, ambavyo baadhi yao vina uwanja mzuri na taa. Hivyo ni msaada mkubwa. Lakini si kila mwenye kituo humkaribisha dereva asiyenunua mafuta kwake, na moto wa mkaa hauwezi kuruhusiwa karibu na pampu. Zaidi ya hayo, malori ya mafuta yenyewe huonekana mara kwa mara yameegeshwa hatua chache tu kutoka kwenye majiko ya chipsi. Hatuna haja ya kukumbushwa hatari yake. Tarehe 10 Agosti 2019, karibu na Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli, na moto ulioripuka ukaua watu zaidi ya 100. Ajali ile haikutokana na kituo cha chakula. Lakini ilituonyesha sote jinsi petroli, moto na mkusanyiko wa watu visivyopasa kukutana mahali pamoja.

Gharama zisizoandikwa

Mahali pazuri pakikosekana, dereva hufanya moja kati ya mambo matatu. Ama huegesha lori nusu barabarani, akakata matawi ya miti na kuyalaza juu ya lami yawe onyo kwa wanaokuja; na usiku, basi likija kwa kasi, onyo la matawi huonekana wakati umekwisha kupita. Ama hula kituo kibovu akaugua njiani. Ama haachi usukani kabisa, hasa aliyebeba tungule, kwa sababu anajua kwamba kila saa inayopita inazilainisha. Sote tunakula matokeo ya uamuzi huo. Shehena iliyoanguka Kitonga haifiki Darajani, na ile iliyofika, bei yake imebeba hasara ya iliyoanguka.

Zaidi ya hayo, kituo cha malori ni pahala ambapo serikali huweza kuwapata watu ambao haiwapati kwingineko. Katika miaka ya 1990 shirika la AMREF liliendesha elimu ya ukimwi katika vituo vya malori vya njia kuu za Tanzania, kwa madereva, matingo na wanawake wa mahali hapo. Kazi ile ilifaa kwa sababu iliwaendea watu pale wanapokula na kulala. Na mwezi Mei 2020, Zambia ilipoufunga kwa siku kadhaa mpaka wake wa Nakonde kwa ajili ya maradhi ya korona, malori yalijipanga Tunduma. Ndipo ikadhihirika kwamba dereva aliyezuiwa barabarani ni mtu anayehitaji kula, kunywa na kwenda haja kila siku, ilhali foleni haina jiko wala choo. Kituo cha pamoja cha forodha kilikuwa kimefunguliwa mpakani hapo Oktoba 2019, na kimerahisisha mengi. Lakini karatasi zikienda upesi, tumbo nalo halisubiri.

Wengine wamefanyaje

Katika Japani, tangu mwaka 1993, serikali imekuwa ikiandikisha vituo vya njiani ambavyo leo vimepita 1,200. Masharti yake ni mepesi kueleza: maegesho na choo viwe wazi saa 24 bila ya malipo, pawe na habari za barabara kwa msafiri, na pawe na mahali pa wenyeji kuuza mazao na chakula chao. Halmashauri ya mahali hapo hushirikiana na wizara inayohusika na barabara. Hatusemi kwamba Chalinze ijengwe kama Japani. Tunasema kwamba wazo lenyewe, la kuweka choo, maegesho na soko la mkulima chini ya paa moja, halihitaji utajiri wa Japani.

Katika Ulaya, sheria ya mwaka 2006 inamtaka dereva wa lori apumzike dakika 45 baada ya kuendesha saa nne na nusu. Lakini sheria ya kupumzika bila ya mahali pa kupumzikia ni sawa na kumwamuru mtu aoge pasipo na maji.

Jirani zetu wa Kenya nao wametupa funzo. Nje ya Nairobi upo mji unaoitwa Mlolongo, na jina lake latokana na mlolongo wa malori yaliyokuwa yakingojea mizani. Pale sheria ilipoyasimamisha malori, watu walipika, walijenga na waliishi. Basi ikiwa mizani huzaa mji kwa hali yoyote, ni afadhali mji huo upangwe kabla ya kuzaliwa.

Lifanyike nini

Kwanza, twashauri kwamba karibu na kila mizani ya barabara kuu, kama Vigwaza, Mikese, Makambako na Mpemba, nje ya zile mita 30 za hifadhi, patengwe uwanja wa kokoto ngumu wenye njia ya kuingilia na njia ya kutokea, na sehemu ya malori ya mafuta iwe mbali na majiko. Dereva hana budi kusimama mizani. Na asimame mara moja kwa mambo mawili.

Pili, mama ntilie wapewe humo nafasi kwa mkataba wa miaka inayofahamika, na kodi ndogo. Mwenye mkataba atasakafu mwenyewe. Bwana afya aje kila mara kama mwalimu, na kitabu cha faini kiwe mkoba wa mwisho, si wa kwanza.

Tatu, halmashauri zinazotoza ushuru wa maegesho ziandike ubaoni, mahali hapo hapo, ni kiasi gani kimekusanywa na kimefanya kazi gani. Dereva akiona taa, mlinzi na maji, atalipa bila ya kunung'unika.

Nne, wenye malori na wafanyabiashara, pamoja na wale wa kwetu Unguja na Pemba wanaoagiza mboga kwa simu na kutaka zifike alfajiri, watie katika hesabu zao saa za kula na kulala. Posho ya njiani isiwe ndogo kiasi cha kumfanya dereva achague baina ya mlo na mlinzi.

Tano, hapa kwetu tusijione tumesalimika. Bandari ya Malindi imebanwa na mji, na malori yanayongoja mizigo hayana uwanja wa kutosha. Katika mipango ya bandari ya Mangapwani, tunawaomba wakubwa wahusika waweke katika ramani, tangu sasa, mahali pa dereva na mpagazi kuegesha, kunawa, kusali na kula. Kuchora leo ni rahisi kuliko kubomoa kesho.

Wako watakaosema kwamba biashara ya chakula ni ya watu binafsi, na serikali haina haja ya kuingilia vyungu vya watu. Ni kweli, chungu ni cha mama ntilie, na kibaki chake. Lakini ardhi, maji, choo, taa na njia ya kuingilia ni mambo ya umma, na hakuna mama ntilie hata mmoja awezaye kuyaleta peke yake. Wako pia watakaosema kwamba vituo vya malori huvuta wezi na maovu. Vituo hivyo vipo tayari, na wezi wake wanavijua. Kinachokosekana ni taa.

Wazee wetu waliosafiri kwa majahazi walizijua bandari zao zote: wapi pana maji matamu, wapi pana kinga ya kusi, na wapi mtu hulala na mali yake isiguswe. Nahodha wa barabarani naye anazijua zake, ila nyingi kati yake anazijua kwa ubaya wake. Kumpa uwanja mgumu, maji, choo na mlinzi ni kazi ambayo halmashauri moja, ikishirikiana na Wakala wa Barabara, yaweza kuianza katika bajeti ya mwaka mmoja. Tunangojea kuona ni ipi itakayotangulia.